Ulimi wa Soila na Jivu la Kitengela

Soila alikuwa na miaka tisa baba yake alipogundua kwamba mtoto ana ulimi. Walikuwa wamepeleka ng'ombe kulamba emakat, ile chumvi ya ardhini inayochomoza nyeupe nyeupe wakati wa kiangazi. Baba akamwona amechutama, anaokota punje, anaonja, anatema, anasogea hatua tatu, anaonja tena.

"Hapa," mtoto akasema. "Pale ni chungu."

Baba akaonja pote pawili na hakusikia tofauti yoyote. Ng'ombe walipofika, walipapita pale pa kwanza wakaenda kusimama palepale alipochutama mtoto, wakalamba mpaka ardhi ikaingia shimo. Basi jina likaenea. Kila msimu wa emakat alikuwa anaitwa, na alipoolewa akaletwa nje ya mji wa Kajiado, ukweni wakamwita vilevile. "Mama Allan, njoo utuonjee." Alikuwa akifunga shuka yake, anatangulia mbele ya kundi la watu wazima, anaonja, na watu wanangoja uso wake kama wanavyongoja taarifa ya redio.

Alipoingia boma la mumewe siku ya harusi alipewa ng'ombe mmoja, mweupe, kama desturi ilivyo. Ng'ombe yule akazaa, watoto wake wakazaa, na Soila alikuwa akiwajua wote kwa mfuatano wao, nani mama wa nani. Ukimuuliza habari za maisha yake alikuwa akikuhesabia ng'ombe hao: mwaka ule Allan anazaliwa, huyu alikuwa mtamba, mwaka ule baba yake Allan anaandikwa kazi mgodini, yule alizaa pacha.

Mgodi wenyewe ulikuwa wa shaba, mwendo wa nusu saa kutoka bomani. Kampuni iliyouchimba ilikuja na kelele nyingi ikaondoka kimya. Waling'oa pampu zao wakapakia, na shimo likaanza kujaa maji. Mwaka wa kwanza yalikuwa maji tu. Mwaka wa tatu yakawa rangi ya chai iliyolala, halafu nyekundu kama kutu, na ndege wakaacha kutua pale. Mume wa Soila aliyafahamu, maana alikuwa ameshuka humo kwa miaka sita. "Kuna mawe huko chini yanang'aa kama dhahabu, na si dhahabu," alimwambia. "Yakipigwa na hewa na maji, yanatoa asidi." Akazungushia shimo miiba kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye kifua kikamchukua, na hakukuwa na mwingine wa kuitengeneza ile miiba.

Kiangazi kile cha mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, wenye mifugo mnakikumbuka. Ng'ombe watatu waliokuwa wamembakia Soila, wenye kiu ya siku nne, waliivunja miiba wakanywa. Aliwakuta kando ya maji, mmoja bado anatikisa sikio. Alichovya kidole akaonja. Ilikuwa kama kulamba kisu. Akatema mate mpaka yakakauka kinywani.

Akabaki na ndama mmoja, jike, mweupe kama nyanya yake wa siku ya harusi. Akamwita Naibor, yaani Mweupe. Wa ukoo ule hakubaki mwingine.

Sasa, miaka miwili baadaye ndipo alipokuja Hillary, kijana wa mradi wa maji, Mluhya mrefu mwenye kofia iliyochoka. Alizunguka shimo siku nzima akitumbukiza vikaratasi vya kupimia ukali wa maji, kisha akaja bomani akaomba chai na akasema anatafuta mtu wa kufanya kazi naye, mtu asiyekimbia vumbi.

"Kuyatibu utayatibu na nini?" Soila akamuuliza.

"Na jivu."

Shemeji yake, Kisemei, aliyekuwa ameegemea fimbo mlangoni, akacheka mpaka akakohoa. "Jivu! Mama Allan, mpe la jikoni aende nalo, tumalize hii maneno."

Lakini Hillary hakuwa na haraka. Alimchukua Soila hadi Kitengela kumwonyesha. Nyuma ya ukuta wa kiwanda kimoja kulikuwa na mlima wa jivu la makaa ya mawe, la kijivujivu, laini kama unga. Upepo ukivuma liliingia nyumba za watu. Nguo zilizoanikwa kwenye kamba zilikuwa zote za rangi moja. Hakuna aliyelitaka jivu lile. Hillary akatia kwenye chupa maji ya shimo aliyokuja nayo, akatupia vijiko viwili vya jivu, akatikisa, akaiweka juu ya jiwe. Walipomaliza kula chapati, wekundu wote ulikuwa umeshuka chini kama tope na juu maji yalikuwa meupe. Kikaratasi kilichokuwa kinageuka chekundu sasa kikageuka kijani.

"Maji ni makali kwa upande huu," Hillary akasema, akiinua mkono wa kushoto. "Jivu ni kali kwa upande ule. Yakikutana, yanapoozana. Vitu viwili ambavyo hakuna mtu anataka, Mama Allan."

Soila aliitazama chupa ile njia nzima ya kurudi Kajiado, ameipakata.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Walichimba mabwawa matatu, wakayatandika nailoni nzito. Pampu ilivuta maji ya shimo hadi bwawa la kwanza. Soila alimwaga jivu kwa karai, akikoroga na mti mrefu mpaka mabega yanamuuma. Siku tatu tope linashuka. Maji yaliyotakata yanapelekwa bwawa la pili, tena la tatu, na kila mwezi Hillary anabeba chupa kuipeleka maabara Nairobi. Sheria zilikuwa mbili. Mnyama asinywe mpaka barua ya maabara iseme. Na jivu lifunikwe turubai na kuzungushiwa miiba saa zote.

Jivu lililetwa kila Jumatano na Kahiga, dereva wa lori kutoka Kitengela, mtu wa maneno mengi.

"Mathe!" alikuwa akiita hata kabla ya kuzima injini. "Leo nimekuletea unga wa ugali, grade one!"

"Songa wewe ule, uone kama bibi yako atakutambua."

"Ah, bibi yangu hata sasa hanitambui. Anasema ako na bwana wawili, mmoja mweusi, mmoja wa kijivu, na huyo wa kijivu ndio analeta pesa."

Soila alikuwa akicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku kwake. Na siku ile ya kwanza kabisa lori lilipomwaga mzigo, alifanya alichokuwa akifanya tangu utotoni: alichutama, akachota punje kwa ncha ya kidole, akaonja. Kahiga akapiga kelele.

"Mathe, hiyo si kitu ya kuonja!"

"Ina chumvi," Soila akasema, akimumunya. "Ina chumvi kama emakat ya kule chini. Lakini hii ni laini zaidi."

Kahiga akatingisha kichwa, akapanda lori lake.

Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja. Kufikia Januari nyasi zilikuwa zimebaki mizizi, na maji ya karibu yalikuwa kisima cha kuchimbwa, kilomita kumi na nne kwenda na kurudi, siku nzima kwa ng'ombe waliochoka. Naibor alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa akienda na ng'ombe wa Kisemei na kurudi wa mwisho, mbavu zinahesabika, na siku moja alilala njiani mpaka watu wanne wakamwinua kwa mkia na pembe.

"Nikiona wiki tatu zinaisha hivi, nahama," Kisemei akamwambia Soila. "Naenda Ewuaso Kedong. Nasikia kuna nyasi."

"Na Naibor?"

Kisemei alichora mstari mchangani kwa fimbo. Alikuwa mtu mkali wa maneno, lakini ng'ombe yule alimjua tangu nyanya yake. "Huyo hafiki, Mama Allan. Wewe unajua."

Alijua. Tangu siku hiyo Soila alikoroga kama mtu anayefukuzwa. Bwawa la tatu lilikuwa limejaa, linaonyesha mawingu, na mchana Naibor alikuwa akifungwa hatua mia tatu kutoka hapo, anasikia harufu ya maji, analia. Soila aliyaonja yale maji. Ukali haukuwapo. Yalikuwa na chumvi kidogo, matamu nyuma ya koo.

"Hillary, haya maji ni mazuri. Mimi nakwambia."

"Karatasi pia inasema hivyo, mama. Lakini karatasi inajua kitu moja tu, inajua ukali. Jivu linakuja na vitu vyake, na ziko kwa maji lakini haziko kwa karatasi. Maabara ndio itajua. Nilipeleka chupa Jumatatu."

"Barua inakuja lini?"

"Walisema mwezi. Naomba, Mama Allan. Mwezi moja."

Na niwaambie, alitii. Wengine wangechota ndoo moja kimyakimya, nani angeona? Soila hakuchota. Alikuwa amewahi kuwapoteza watatu kwa maji ya shimo lile, na sheria ya Hillary aliiona kama ile miiba ya mumewe. Badala yake aliamka usiku, kabla ya kazi, akabeba maji ya kisimani mgongoni, mtungi wa lita ishirini kwa siku, wa Naibor peke yake. Nusu ya kiu yake haikwisha. Nyasi kavu alizomletea, ng'ombe alizigusa kwa pua na kuziacha.

Ng'ombe asiyetaka kula anatafutiwa chumvi. Hilo hakuna Mmaasai wa kumfundisha mwenzake. Lakini mahali pa emakat palikuwa mbali kuliko kisima, na ya dukani ilikuwa imeadimika. Jioni moja, jua bado lipo, Soila alikuja kutoka kazini mikono yake ya kijivu mpaka viwikoni, akasimama mbele ya Naibor kumsalimia. Ng'ombe akanyoosha shingo. Akalamba kiganja. Akalamba kidole kimoja kimoja, halafu akapanda na mkono, akivuta pumzi kwa nguvu, na alipomaliza akageuka akang'ata nyasi.

Soila alisimama pale akilia kidogo kwa furaha. Lilikuwa jambo dogo, na lilieleweka. Jivu hili lilikuwa limeponya maji yenye sumu. Ulimi wake ulikuwa umelikubali tangu siku ya kwanza. Sheria ilikataza maji, si jivu. Na miiba iliyozunguka jivu, akilini mwake, ilikuwa ya kuzuia mbuzi wa watu wasilitawanye. Kesho yake alibeba kopo moja kutoka kazini, akaliweka kwenye jiwe la kulambia.

Siku kumi Naibor alikula. Manyoya yakalala, macho yakafunguka. Naipanoi, mke wa Kisemei, akipita na mtungi wake alisimama kushangaa. "Yeiyo, mama! Huyu ndiye yule wa kuinuliwa kwa mkia? Unampa nini?"

"Chumvi ya Kitengela," Soila akamjibu, na wakacheka wote wawili.

Siku ya kumi na mbili Naibor alianza kusaga meno bila kitu mdomoni. Ya kumi na tatu alitembea akagonga kichwa kwenye ukuta wa boma, kama haoni. Ya kumi na nne ilikuwa Jumatano. Soila alimwacha amelala chini, miguu ya nyuma ikitetemeka, akakimbia mgodini kwa sababu Hillary alikuwa Nairobi na lori linakuja.

"Mathe, leo huniambii kitu?" Kahiga akauliza. "Nani amekufa?"

"Ng'ombe wangu ni mgonjwa. Anatetemeka. Haoni."

Kahiga akaacha kamba ya turubai aliyokuwa akiifungua. "Hajalamba hii kitu?"

Soila akaitazama mikono yake.

"Sababu kule Kitengela kuna mama jirani ya kiwanda, Ciku, alikuwa na mbuzi wawili. Walikuwa wanalamba hii jivu hapo nyuma ya ukuta, wanaipenda vibaya sana. Ilikuwa hivyo hivyo, kutetemeka, kugonga ukuta." Akamtazama Soila usoni, na sauti yake ikashuka. "Si mlizungushia miiba, Mathe? Mlifunika?"

"Tulifunika," Soila akasema.

Naibor alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Ndama tumboni alikufa naye. Kisemei alikuja na kisu, kama ilivyo desturi, ampasue waone ndani, na nyama ikifaa iliwe. Soila akalala kifudifudi juu ya ubavu wa ng'ombe.

"Mzikeni mzima."

"Mama Allan, ng'ombe hazikwi."

"Nimesema mzima!"

Watu walifikiri ni uchungu. Ulikuwa uchungu, kweli. Lakini Soila alijua kisu kingekutana na nini ndani ya tumbo lile, rangi yake na ulaini wake. Walichimba mpaka mchana ukaisha, wakamzika.

Ndani ya siku mbili habari ilikuwa imeshapata miguu. Ng'ombe wa mwanamke wa mabwawa amekufa. Amekufa vipi? Maji ya jivu, si unajua. Kisemei akafunga mizigo ya kuhamia Ewuaso Kedong. Naye Hillary akashuka kutoka Nairobi, barua mkononi, anaipeperusha tangu barabarani, hana habari ya lolote.

Walikutana kando ya bwawa la tatu, asubuhi, watu kama thelathini. Ng'ombe walisimamishwa mbali, na walikuwa wakilia. Hillary akasoma barua: maji yanafaa kwa mifugo, hayafai kwa watu, yapimwe kila mwezi.

"Barua haijui kunywa," Kisemei akasema. "Kuna ng'ombe amezikwa pale. Hiyo barua imempima?"

Watu wakanung'unika. Mmoja akasema heri kifo cha njiani. Hillary alimgeukia Soila, macho yake yanauliza: mama, ulimnywesha? Soila akatikisa kichwa, hapana. Na hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma zaidi kuliko uongo.

Kisemei akainua fimbo watu wanyamaze. "Sikilizeni. Barua siijui, huyu kijana simjui vizuri. Mama Allan namjua. Yeye ndiye amefiwa. Aonje. Akisema maji ni mazuri, mimi wa kwanza nanywesha."

Wote walimtazama uso, vile walivyozoea kumtazama kila msimu. Na kwa kweli, ndugu zangu, ilikuwa rahisi sana. Maji yalikuwa mazuri. Alihitaji kuchutama tu, kuchovya kidole, kusema neno moja. Ng'ombe wangekunywa, Kisemei asingehama, na lililo chini ya udongo lingebaki chini ya udongo. Aliifunga shuka yake. Akapiga hatua.

Naipanoi alimshika mkono kumsindikiza, akamnong'oneza sikioni, na sauti yake ilikuwa ya kumliwaza. "Usiogope, yeiyo. Hata mimi nakuamini. Ile chumvi yako ya Kitengela, jana nilichota kidogo pale kwa jiwe lako, nikawawekea ndama wangu wawili. Wanailamba, usiseme!"

Soila akasimama.

"Kimbia," akasema.

"Nini?"

"Kimbia uiondoe! Naipanoi, kimbia!" Kisha akageukia watu, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Maji hayakumuua Naibor. Hakuonja hata tone. Nilimlambisha jivu. Siku kumi na nne, kwa mkono wangu. Nililionja, nikaona ni emakat. Ulimi wangu ulisema ni nzuri."

Naipanoi alikuwa ameshaanza kukimbia, ameshika viatu mkononi. Hakuna mwingine aliyesogea.

"Ndio maana ulikataa kisu," Kisemei akasema polepole.

"Ndio maana."

"Na haya maji?"

"Usiniulize mimi. Muulize huyu." Akamwonyesha Hillary. "Soma tena hiyo barua. Soma pole pole, wasikie."

Hillary akasoma tena, polepole. Alipofika mwisho Kisemei akalitazama bwawa, halafu akapiga mluzi, na ng'ombe wakaja. Walikunywa mpaka maji yakashuka kiganja kizima. Yeyote anayejua ng'ombe wenye kiu anajua sauti ile, na Soila aliisikia yote, amesimama upande, mikono ameificha ndani ya shuka.

Ndama mmoja wa Naipanoi alipona. Wa pili alikuwa amelamba sana.

Kisemei hakuhama. Hakumtukana Soila wala hakumdai ndama; alikuja mwenyewe akaongeza miiba kuzunguka jivu, safu mbili, akafunga turubai kwa waya. Kahiga bado huja kila Jumatano, ila siku hizi hasemi habari ya unga. Anashuka, anasaidia kumwaga, anauliza, "Umeamkaje, Mathe?" na anangoja jibu.

Msimu wa emakat ulipofika mwaka huu, walipita mbele ya boma lake asubuhi, wanaume mbele, ng'ombe nyuma, wakienda kutafuta mahali pa kulambisha. Soila aliwaona tangu mbali. Alikuwa mlangoni, na bila kujijua mkono wake ulikuwa umeshaanza kufunga shuka. Kisemei alikuwa na vikaratasi vya Hillary ndani ya kopo, vinagongagonga akitembea.

"Takwenya," Naipanoi akamwamkua kutoka barabarani.

"Iko," akaitikia.

Wakapita. Vumbi likakaa. Soila akaenda kwenye beseni akanawa mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ingawa siku hiyo alikuwa bado hajagusa jivu. Kisha akachukua karai lake na ule mti mrefu akashika njia ya mgodini, maana ilikuwa Jumatano, na bwawa la kwanza lilikuwa bado jekundu.